Mabomu ya machozi hayatoi risiti

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: nani anawalipa watu wanaoandamana Uganda? Nimetunza vitabu vya hesabu vya mashirika yasiyo ya kiserikali hapa Kampala kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kama mhasibu. Hela za nje zipo, na si haba. Ila barabarani hazifiki.

Hela ya mfadhili huja na mkataba, bajeti yenye mafungu, na mkaguzi nyuma yake. Mkifanya warsha ya siku mbili hotelini Entebbe, kila kitu kina karatasi: ankara ya ukumbi, chai ya saa nne, orodha ya mahudhurio yenye sahihi na namba za simu, nauli ambayo kila aliyekuja anaisainia. Sasa niambieni, nani ataniletea risiti ya kukimbizwa na polisi pale Wandegeya? Dhamana ya vijana waliolala kituoni niiandike katika fungu gani? Mkaguzi angenirudishia vitabu siku hiyohiyo, na mara nyingi mkataba wenyewe unakataza senti kutumika kwa siasa za vyama. Ndiyo maana mashirika yetu yana makabati yaliyojaa ripoti, na mabango ni ya kutafuta kwa tochi.

Mfuko uliotajwa sana ni ule wa DGF, wa kufadhili demokrasia na utawala bora, ulioanzishwa mwaka 2011 kwa michango ya Denmark, Uingereza, Sweden, Norway na wengine wa Ulaya. Januari 2021 Rais Museveni aliusimamisha, mwaka 2022 akauruhusu tena, na kabla mwaka huo haujaisha ukafunga milango. Ukisikiliza makelele ya wakati ule ungedhani ulikuwa ukinunua matairi ya kuchoma barabarani. Sehemu ya hela zake ilikwenda kwenye msaada wa kisheria kwa maskini wenye kesi za ardhi na mirathi, na hata Tume ya Haki za Binadamu, chombo cha serikali yenyewe, ilikuwa ikifaidika nazo.

Maandamano yaliyotikisa nchi hii yaligharimu kidogo mno. Aprili 2011, bei ya petroli na chakula ilipopanda, kiongozi wa upinzani Dkt. Kizza Besigye na wenzake walitangaza kwenda kazini kwa miguu. Kutembea ni bure! Serikali ililijibu wazo hilo la bure kwa magari ya maji ya kuwasha na risasi, watu wakafa, na mwaka uliofuata kundi lililoongoza matembezi hayo, Activists for Change, likapigwa marufuku. Mwaka 2014 vijana wawili wasio na ajira waliingia katika viwanja vya Bunge na watoto wa nguruwe waliopakwa njano, rangi ya chama tawala cha NRM. Piga hesabu mwenyewe: nguruwe wawili wadogo na rangi, basi.

Gharama halisi huja baadaye. Julai 2024, vijana walipopanga kuandamana hadi Bungeni kupinga ufisadi, Rais aliwaonya kuwa wanacheza na moto na kwamba baadhi yao wanatumiwa na watu wa nje. Walitoka hivyohivyo, na makumi wakakamatwa. Hapo ndipo hela huanza kutafutwa: mafuta ya gari la wakili asiyedai ada, chakula cha kupeleka rumande, matibabu ya aliyepigwa. Michango ya aina hiyo niliyoiona mimi ilikuja kwa simu, elfu tano tano, elfu kumi kumi, mingine kutoka kwa ndugu walioko kazini Dubai au Boston. Ukitaka kuziita hizo fedha za kigeni, haya, ziite.

Wanaosema kuna siri kubwa imefichwa wamekuwa na kila nafasi ya kuifichua. Kwa sheria ya mwaka 2016, mashirika yanawasilisha serikalini taarifa na hesabu zake kila mwaka. Desemba 2020 wakili Nicholas Opiyo wa Chapter Four, shirika la haki za binadamu, alishtakiwa kwa kutakatisha fedha, dola 340,000 zilizoingia katika akaunti ya shirika lake. Mwaka uliofuata upande wa mashtaka wenyewe uliifuta kesi.

Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa kweli uko kwingine. Mwaka 2017, katika mvutano wa kuondoa ukomo wa umri wa rais, kila mbunge aliwekewa shilingi milioni 29 za umma eti akawasikilize wapigakura wake. Baadhi ya wapinzani walizirudisha. Msimu huohuo polisi walivamia ofisi za shirika la misaada la ActionAid wakitafuta hela za fujo. Na vijana wanaopinga bomba la mafuta la kwenda Tanga huitwa vibaraka wa Wazungu, ilhali asilimia 62 ya bomba lenyewe ni ya TotalEnergies ya Ufaransa. Mimi hapo huwa nashindwa hata kukasirika.

Siwasafishi wenzangu. Mfadhili hahitaji kumlipa mtu aandamane ili amwendeshe. Inatosha abadilishe kichwa cha tangazo la ruzuku. Mwaka huu ni utawala bora, mwakani ni tabianchi, na sote tunageuka naye, tukiandika Kiingereza ambacho mama muuza ndizi wa Nakawa hatakisoma kamwe. Marekani ilipositisha misaada yake Januari 2025, ofisi nyingi zilipunguza watu ndani ya wiki chache, na wananchi waliokuwa wakisemewa hawakujitokeza kuzitetea. Wangezitetea vipi? Hawakuwahi kuchangia hata shilingi mia, wala kuoneshwa mshahara wa mkurugenzi. Kila kundi la wanaharakati libandike mapato yake ukutani, mishahara ikiwemo.

Na vyama je? Sheria ya vyama ya mwaka 2005 inavitaka vipeleke hesabu zilizokaguliwa kwa Tume ya Uchaguzi. Msomaji yeyote aliye karibu na ofisi za Tume aende akaombe kuziona, za NRM na za upinzani, kisha atuandikie humu alichopewa.