Si jeuri, mpime sukari kwanza

Dada, umeuliza kama mwanao mwenye kisukari aina ya 1 ana jeuri, maana jioni hugomba na kusukuma sahani. Mpime kwanza. Ubongo hutegemea glukosi, yaani sukari iliyo kwenye damu. Ikipungua, hasira na kuchanganyikiwa huja pamoja na jasho na mikono kutetemeka. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, mkorogee vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Akitulia, tafadhali usimkaripie. Watoto wengine huogopa sukari kushuka tena hadi wanaacha kudunga insulini, dawa inayoshusha sukari, na hiyo ni hatari kubwa. Kama hutokea kila jioni, mpelekee daktari vipimo vyake. Huenda dozi inahitaji kurekebishwa.