Baiti Zinapopotea: Kutafuta Hitilafu ya Intarapti za Siriali

Vifaa vingi vinavyoundwa na mafundi wa Kisumu, vya kupima maji kwenye vizimba vya samaki ziwani au kufuatilia bodaboda, hutumia ATmega328P, mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya bodi kama Arduino Uno, inayopokea data kwa siriali, yaani biti moja baada ya nyingine kwenye waya. Data isipofika, wengi hukimbilia kubadilisha programu ovyo ovyo. Tulia kwanza ujue shida ni ipi: intarapti (ishara inayokatiza programu kuu ili baiti iliyofika ihudumiwe) haiji kabisa, inakuja bila kukoma, au inahudumiwa kwa kuchelewa.

Chomoa sensa. Unganisha pini 0 na pini 1 kwa kipande cha waya, tuma herufi moja kila nusu sekunde, na ndani ya intarapti soma UDR0 (rejista, yaani kihifadhi kidogo ndani ya chipu, inayoshika baiti iliyofika) kisha ugeuze taa ya pini 13. Taa ikitulia tuli, kagua RXEN0 (huwasha upokeaji) na RXCIE0 (huwasha intarapti yake) kwenye rejista ya UCSR0B, halafu uhakikishe umeita sei(), inayoruhusu intarapti kwa jumla. Bodi ikianza upya kila herufi inapotumwa, jina la intarapti limekosewa. 328P inataka USART_RX_vect. Mega 2560 inataka USART0_RX_vect. Mifano ya zamani ya ATmega8 ina USART_RXC_vect. Jina likikosewa, kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako) hutoa onyo tu na kuendelea, kwa hiyo tafadhali soma maonyo. Ukiambiwa __vector_18 (jina la ndani la USART_RX_vect) imefafanuliwa mara mbili, umechanganya intarapti yako na Serial, msimbo wa siriali wa Arduino. Chagua moja.

Programu kuu ikiganda baiti ya kwanza inapoingia, karibu kila mara UDR0 haijasomwa. Bendera ya RXC0 haishuki mpaka usome rejista hiyo, hivyo intarapti hurudi papo hapo, tena na tena. Upande wa kutuma ni vivyo hivyo: data ikiisha, zima UDRIE0, inayowasha intarapti ya kutuma.

Penye mtego mkubwa ni kwenye kuchelewa, maana kifaa hufanya kazi mezani vizuri kisha huharibu data kikiwa kazini. Mikrokontrola hii ina nafasi ya baiti mbili tu, na ya tatu husubiri inapoingilia. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, baiti moja huchukua takriban milisekunde 1. Sasa tuseme GPS ndiyo inayotuma, nawe uongeze sensa ya DHT22 (ya joto na unyevu): maktaba nyingi huzima intarapti zote wakati wa kuisoma, kama milisekunde 5 hivi. Baiti tano za GPS zimefika, mbili au tatu ndizo zimepona. Kwa 115200, muda huohuo hupitisha zaidi ya baiti 50. Thibitisha kwa kusoma UCSR0A, rejista ya hali, kabla ya UDR0, kwa kuwa ukitanguliza UDR0 ushahidi umepotea. DOR0, bendera ya baiti iliyopotea, ikiwa 1, umechelewa. Dawa si kupunguza kasi kwanza, bali kusoma DHT22 wakati GPS imenyamaza, kwani moduli ya GPS ya NEO-6M hutoa taarifa mara moja kwa sekunde kisha hupumzika. Ndani ya intarapti usiweke delay wala kuchapisha chochote. Weka baiti kwenye bafa ya mzunguko (foleni ya kumbukumbu inayorudi mwanzo ikifika mwisho) ya nafasi 64, utoke. Kielekezi chake kiwe cha baiti moja na kitangazwe volatile, ili kompaila isidhani hakibadiliki. Kikiwa cha baiti mbili, programu kuu inaweza kukatizwa katikati ya kukisoma.

FE0, bendera ya baiti iliyopokelewa vibaya, ikiwaka, angalia waya wa graundi, kisha saa inayoendesha chipu. Kipima saa cha ndani cha 8 MHz kinaweza kukosea hadi asilimia 10, ilhali siriali inataka kosa lisizidi asilimia 2 hivi. Weka kristali ya 16 MHz na kepasita mbili za 22 pF. Hata hapo, 115200 hukosea asilimia 3.5, au 2.1 ukiwasha U2X0 (hali ya kasi maradufu). Napendelea 57600 na U2X0, kosa 0.8 tu. Jaribio la waya wa pini 0 na 1 halitafichua haya, maana mtumaji na mpokeaji wanatumia saa ileile.

Kebo ya kutoka kizimbani hadi ufukweni ikiwa ndefu, achana na siriali ya moja kwa moja. Tumia MAX485 (chipu ya RS-485, siriali ya kebo ndefu) na rezista ya ohmu 120 kila mwisho wa kebo. Baiti ya mwisho ikikatwa huko, unashusha pini ya DE (inayowasha utumaji wa MAX485) mapema mno: subiri TXC0, bendera ya utumaji kuisha kabisa, si UDRE0. UDRE0 husema tu kwamba bafa ina nafasi, huku baiti ya mwisho bado inatoka kwenye waya.