Jibu: CK imeshuka, mbona misuli bado haina nguvu?

Ndugu, umeuliza kwa nini shangazi yako mwenye dematomayositi, ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia misuli na ngozi, bado anashindwa kuinua mikono ilhali kipimo chake cha CK kimerudi kuwa cha kawaida. Ninaishi na ugonjwa huo mwaka wa 6 sasa, na swali hilo liliwahi kunikosesha usingizi.

CK ni kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye nyuzi za misuli zilizoharibika. Kinaonyesha uharibifu, si kinachouleta. Kinachouleta, kwa sehemu kubwa, ni interferoni za aina ya kwanza, yaani molekuli ambazo seli iliyovamiwa na virusi huzitoa ili kuziamsha seli jirani zijikinge. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini katika ugonjwa huu hulia pasipo mvamizi kuonekana, wala hainyamazi.

Nilipokatwa kipande cha nyama pajani ili kichunguzwe kwa hadubini, daktari alinionyesha picha yake: nyuzi za katikati ya fungu zilikuwa nene, za pembeni zimesinyaa, na hizo za pembeni ndizo zilizojaa MxA, protini ambayo seli huitengeneza inapopokea ujumbe wa interferoni. Nilitazamia kuona chembe nyeupe za damu, askari wa kinga, zimezagaa kila mahali, kumbe zilikuwa chache. Maabara nazo zimeonyesha kwamba seli changa za misuli zikiwekewa interferoni peke yake, bila chembe nyeupe yoyote, hushindwa kukomaa vizuri. Ndiyo maana CK inaweza kushuka huku misuli ikibaki dhaifu.

Hata hivyo, usiisahau dawa yenyewe. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mapaja na mabega bila kupandisha CK, na kwangu hiyo ilikuwa nusu ya tatizo: daktari alipoishusha polepole huku nikiendelea na methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, baada ya miezi kadhaa niliweza kuanika kanga bila kushusha mikono katikati. (Asiiache ghafla, ni hatari.)

Kwa wale ambao dawa za kawaida zimeshindwa, zipo zinazozuia vimeng'enya vya JAK, ambavyo hupitisha ujumbe wa interferoni ndani ya seli. Ila kwa kuwa hupunguza kinga, ni lazima kwanza apimwe kifua kikuu, hata kile kilicholala.

Je, vifundo vya vidole vyake bado vina vipele, na kope bado zina rangi ya zambarau? Zahanati moja ilinitibu mzio kwa miezi minne kwa sababu ya kope hizo. Kama dalili hizo zipo, amwonyeshe daktari pamoja na majibu ya CK.