Jibu: Mtoto akiingia darasa la tatu anasoma nini?

Dada, umeuliza la tatu wanasoma nini, na kwa nini mwanao aliyekuwa anafanya vizuri la pili sasa analia na madaftari ya la tatu. Wala usishangae. La kwanza na la pili uzito ulikuwa kwenye KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. La tatu anasoma ili ajue mambo mengine, na hapo ndipo wengi hukwama.

Hisabati ndiyo inayowatesa. Jedwali la kuzidisha lazima likae kichwani, maana kugawanya na hesabu za sehemu (nusu, robo) vinategemea hilo. Mimi wangu nilimtuma dukani na elfu mbili, nikamwambia chenji aihesabu mwenyewe. Ilisaidia kuliko tuisheni.

Kiswahili ni ufahamu, imla, insha fupi, methali na vitendawili (bibi yake anaweza kufundisha hivyo bure). Sayansi na jiografia si ngumu kama maswali yanaanzia uani kwenu: jua linachomoza upande gani, maji ya kunywa tunayachemsha kwa nini.

Kiingereza, dakika kumi za kusoma kwa sauti kila jioni. Anza sasa, maana la nne kuna upimaji wa kitaifa.