Nilitia sahihi mkataba wa duka kwa ajili ya bosi, sasa nadaiwa mimi

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh wetu. Mimi ni msimamizi wa duka la vitambaa hapa Kampala, mali ya mfanyabiashara anayeishi nje ya nchi. Alinituma nimtafutie chumba katika jengo la maduka karibu na Kikuubo, mtaa wa biashara, akatuma pesa za kuanzia kwa simu, nami nikatia sahihi mkataba wa miaka miwili mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa). Biashara imeanguka, bosi hapokei simu, na mwenye jengo ananidai kodi ya miezi mitano. Nikimwambia mimi ni mfanyakazi tu, ananionyesha karatasi: "Jina lililoandikwa hapa ni la nani?" Je, mbele ya Allah deni hili ni langu? Na je, naruhusiwa kuuza vitambaa vilivyobaki nijinasue?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah akufariji, ndugu yangu. Nimeusoma mkataba ulioniletea picha yake. Palipoandikwa "Mpangaji" pana jina lako na namba ya kitambulisho chako cha taifa. Jina la duka limetajwa mara moja tu, kwenye mstari wa aina ya biashara. Jina la bosi halimo kabisa, wala hakuna maneno "kwa niaba ya". Hukumu ya swali lako inaanzia hapo.

Kumfanyia mtu mkataba kwa uwakala ni halali bila shaka. Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo, Urwa akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari. Mtume akamwombea baraka. Kwa hiyo hukukosea kumtumikia tajiri wako. Linaloulizwa ni nani anayedaiwa kodi.

Wanazuoni wa Kihanafi wanasema katika kuuza, kununua na kukodi, wakala akiufanya mkataba kwa jina lake mwenyewe bila kumtaja aliyemtuma, haki za mkataba, yaani kudai na kudaiwa, humrudia yeye wakala. Akimtaja, humrudia aliyemtuma. Katika madhehebu yetu ya Shafi, anayofuata Muislamu wa Uganda mara nyingi, Imam Nawawi ameeleza katika ununuzi kwamba hata muuzaji akikiri kuwa huyu ni wakala, kwa kauli iliyo sahihi zaidi anaweza kumdai wakala au aliyemtuma. Hapo wakala anakuwa kama mdhamini, na aliyemtuma ndiye mwenye deni la asili. Kukodi ni kununua manufaa, basi hukumu inakwenda njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo mwenye jengo hakudhulumu kwa kukugongea mlango. Ana haki ya kukudai, nawe usiikane sahihi yako wala usimkimbie. Lakini mzigo wenyewe ni wa bosi wako. Kila shilingi utakayolipa inabaki shingoni mwake, kwa sababu alikutuma yeye na ulitia sahihi kwa amri yake. Akinyamaza huku ana uwezo, basi ni dhalimu kwa maneno ya Mtume (s.a.w.): "Kuchelewesha kwa tajiri kulipa deni ni dhulma."

Haki yako hiyo inahitaji ushahidi. Tunza jumbe alizokutumia akikuagiza chumba, na risiti za pesa alizotuma kwa simu. Aya ya deni katika Suratul Baqara (2:282) imetuamrisha kuandika, na sheria ya nchi haiko mbali na hilo: Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mikataba mikubwa ya upangaji iwe ya maandishi, na Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 ina sehemu nzima inayohusu uwakala. Mpelekee wakili karatasi zako kabla hujaahidi kulipa chochote kwa maandishi mapya. Naona vijana wengi wa maduka wakibabaika, wakatia sahihi ya pili inayowafunga zaidi kuliko ya kwanza.

Na hili ni la haraka kuliko yote: ufunguo uko wapi? Ukiwa bado mfukoni mwako, kodi inaendelea kuhesabika hata kama duka limefungwa na hakuna anayeingia, kwa sababu kodi huthibiti kwa mpangaji kuwezeshwa kutumia mahali, atumie asitumie. Mwendee mwenye jengo leo, umwombe mvunje mkataba kwa ridhaa. Naye nikipata nafasi ya kumwambia, namkumbusha hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba anayemkubalia Muislamu mwenzake kurudisha mkataba, Allah atamsamehe kuteleza kwake. Kama huna kitu, Qur'ani imesema (2:280) mwenye dhiki apewe muda mpaka apate nafuu.

Ama vitambaa, usiviuze. Hivyo ni amana mkononi mwako, na bado hujalipa kodi, kwa hiyo huna unachomdai bosi hata ujilipe. Shafi wanaruhusu mtu kuchukua haki yake katika mali ya anayemnyima, wakitoa dalili kwa kisa cha Hind, ambaye Mtume (s.a.w.) alimruhusu achukue matumizi yake katika mali ya mumewe Abu Sufyan, lakini hiyo ni haki iliyokwisha thibiti, na wadai wengine wa bosi nao wana fungu. Hesabu marobota mbele ya mwenye jengo na mwenyekiti wa LC1, andikeni idadi, kila mmoja atie sahihi, kisha mlango ufungwe. Ukishalipa chochote na bosi akaendelea kukaa kimya, peleka orodha hiyo na risiti zako mahakamani, uombe amri ya kuuza.

Wallahu aalam.