Re: Waumini wanaokuja dukani na shida

Shalom ndugu. Umeuliza utawasaidiaje waumini wenzako bila duka kufa. Anza kwa kutenganisha mtaji na faida. Pesa ya kwenye droo si yako yote, humo kuna ya msambazaji, kodi ya pango na mshahara wa kijana wako. Yakobo 5:4 inawakemea matajiri waliozuia ujira wa vibarua, kwa hiyo usichangie harambee kwa jasho la mtu. Kila mwisho wa mwezi toa fungu la sadaka kwenye faida, uliweke kwenye laini ya simu ya peke yake. Likiisha, sema limeisha. Unga wa mjane usiuandike kwenye daftari la madeni, mpe tu, madeni ya kanisani (tunajuana!) huzaa uadui. Anayeomba mtaji, mpe kwanza mzigo mdogo auze, umwone.