Kaskazi ya Julai: maswali yenu kuhusu maisha ya Syros

Wengi mmeniuliza ninavyoishi hapa Ermoupoli, mji mkuu wa kisiwa cha Syros, Ugiriki. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Dada, huko ni jua mwaka mzima kama kwenye picha? (Msomaji, Tanga)

Hapana, mdogo wangu. Picha hupigwa Julai na Agosti. Mvua huanza vuli, na baridi ya hapa ni ya unyevu. Kipimajoto kinasoma nyuzi 12, lakini nyumba ya mawe inakutoa machozi. Januari ya mwaka wangu wa kwanza nilisogeza kabati, nikakuta ukuta umeota koga nyeusi na viatu vyangu vya ngozi vimeota manyoya ya kijani. Siku hizi kabati linakaa shibiri moja kutoka ukutani, na jua likichomoza nafungua madirisha yote, hata kukiwa na baridi.

Ni kweli mnaweza kukwama kisiwani? (Msomaji, Mombasa)

Kweli kabisa. Sisi wa pwani tumelelewa na kaskazi na kusi, kwa hiyo utanielewa upesi: hapa kaskazi huvuma kiangazi, Julai na Agosti, nao huiita meltemi. Mbingu nyeupe pe, jua linawaka, na kanga niliyoibana kwa vibanio vinne naikuta uani kwa jirani. Upepo ukifika 8 kwenye kipimo cha nguvu za upepo cha Beaufort, kwa kawaida meli hazitoki bandarini, na boti za kasi husimama mapema zaidi. Katazo hilo linaitwa apagoreftiko. Wakati wa baridi upepo wa kusini nao huleta yake.

Shangazi yangu alipofariki, nilikaa gatini siku mbili na begi langu, naitazama bahari imechafuka. Nilifika nyumbani matanga yameshaanuliwa. Bado inaniuma. Ndiyo maana namwambia kila mtu: ukiwa na ndege Athens, vuka siku mbili kabla.

Masika yao upepo wa kusini hubeba vumbi la Sahara. Wenyeji huliita vumbi la Afrika. Ukiona mbingu imegeuka rangi ya chai ya maziwa, anua nguo mara moja.

Unapata mchicha? (Msomaji, Muscat)

Napata, tena mwingi! Unaitwa vlita, upo sokoni kiangazi chote. Wao huuchemsha, wakamimina mafuta ya zeituni na limau. Jirani yangu, mama wa makamo, alinishangaa kuona naukaanga na vitunguu na nyanya, akaonja, akarudi na sahani yake. Mvua zikishanyesha, yeye hunichukua mlimani na kisu kidogo tuchume majani ya porini, horta. Na pweza humpiga mwambani alainike, vilevile kama kina mama wa Jambiani.

Kazi zipo? (Msomaji, Nairobi)

Za hoteli na migahawa zipo, Mei hadi Oktoba, kisha visiwa vingi vidogo hufungwa. Syros haifungwi: ni makao makuu ya Cyclades, kundi letu la visiwa, ina hospitali, mahakama na karakana ya meli ya Neorio. Lakini kaka, usije bila kibali cha kazi. Nimeona watu wanavyoteseka.

Sikukuu huwi mpweke?

Desemba, ndiyo. Pasaka, sivyo. Hapa Wakatoliki na Waorthodoksi huiadhimisha siku moja, jambo lisilo la kawaida kwingine. Usiku wa manane wa Jumamosi taa za kanisa huzimwa, moto ukatoka kwa padri, mshumaa hadi mshumaa. Jirani yangu alinikinga wangu kwa kiganja njia nzima usizimike, kisha kwa moshi wake akachora msalaba juu ya mlango wangu. Alama ipo mpaka leo.

Nije mwezi gani?

Mei, vilima vikiwa na maua, au mwisho wa Septemba, bahari ikiwa bado ya uvuguvugu. Ukitaka kuniona mimi badala ya watalii, njoo Februari na soksi nzito.